Mifumo mitano ya magereza na mmoja wa nje ya ukuta: upi wa kuiga, upi wa kuuacha

Kila linapoundwa jopo la kurekebisha magereza, mjumbe mmoja huja na picha za Norwei, mwingine hutaka viwanda ndani ya gereza, wa tatu husema dawa ni kila mfungwa awe na seli yake. Hakuna jipya hapo. Mawazo haya yote yamekwisha kujaribiwa, mengine karibu miaka 200 iliyopita, na yaliyotokea yameandikwa kwa tarehe na hesabu. Ulinganisho huu ni wa watu wanaotakiwa kuchagua: wajumbe wa kamati za watumiaji wa mahakama, watafiti wa bunge, mashirika ya msaada wa sheria, na wale wa misikitini na makanisani wanaotembelea wafungwa kila wiki.

Kila mfumo tumeuuliza maswali mawili tu. Utafanyaje siku wafungwa wakizidi nafasi? Na mfungwa anatokaje: nani anaamua, kwa kipimo gani, na nani anampokea nje? Habari za chakula, nguo na malazi zina uzito wake, lakini si zilizoangusha mifumo hii. Maswali haya mawili ndiyo yaliyoiangusha mingi.

Kuna sharti linalotangulia mifumo yote. John Howard alipokuwa sherifu wa Bedfordshire, Uingereza, mwaka 1773, alikuta walinzi wa jela hawana mshahara. Waliishi kwa ada walizowatoza wafungwa, na mtu aliyeachiwa huru na mahakama alirudishwa ndani mpaka alipe ada ya kufunguliwa. Bunge lilifuta ada hiyo mwaka 1774. Howard akaendelea kuzunguka jela za Ulaya hadi alipokufa kwa homa huko Kherson mwaka 1790. Mahali ambapo askari bado anategemea kitu kidogo kutoka kwa ndugu wa mfungwa getini, mfumo wowote utakaouleta utageuzwa orodha ya bei.

| Mfumo | Nguzo yake | Kilichoubomoa |
|---|---|---|
| Philadelphia, 1829 | seli ya mtu mmoja | gharama, wazimu, msongamano |
| Auburn, miaka ya 1820 | karakana na kimya | fimbo, kisha siasa za ajira |
| Alama: Norfolk 1840, Ireland 1854 | mfungwa kuchuma kutoka kwake | serikali kutotambua alama |
| Elmira, 1876 | kifungo kisicho na tarehe ya mwisho | wafungwa mara tatu ya nafasi |
| Norwei ya leo | maafisa waliosomea kazi, foleni ya kuingia | haujabomoka, ila ni ghali |

Philadelphia au Auburn

Hawa ndio mahasimu wa kwanza, na ugomvi wao haujaisha.

Gereza la Eastern State mjini Philadelphia lilifunguliwa mwaka 1829. Msanifu wake, John Haviland, alilichora kama gurudumu: kituo katikati na mabawa yakitawanyika, ili mlinzi mmoja akisimama kati aone korido zote. Kila seli ilikuwa na upana wa futi 8 na urefu wa futi 12, dirisha la darini, bomba la joto, choo cha maji na kiua kidogo cha peke yake. Mfungwa alikula humo, akasuka au kushona viatu humo, akalala humo. Akitolewa alivalishwa kofia ya kumfunika uso asijulikane wala asimjue mwenzake. Nia haikuwa ukatili. Waanzilishi, wengi wao Wakristo wa madhehebu ya Wakwekeri, waliamini kwamba mtu akiachwa na dhamiri yake na Biblia atatubu.

Auburn, katika jimbo la New York, walianza kwa kosa kubwa zaidi na wakajifunza mapema. Mwishoni mwa 1821 waliwafungia wafungwa 80 peke yao bila kazi yoyote. Ndani ya mwaka mmoja watano walikufa na mmoja akarukwa na akili. Gavana akawasamehe 26, na kati ya hao 14 walirudi gerezani muda si mrefu. Upweke ulivunja afya zao na tabia ikabaki ileile. Basi Auburn wakabuni mchanganyiko: usiku kila mtu seli yake, nyembamba ya futi 3 na nusu kwa 7, na mchana wote karakana moja, kazi ya pamoja, bila neno. Walitembea kwa mstari, mkono begani kwa wa mbele, nyuso zimegeuzwa upande mmoja, wamevaa nguo za mistari. Kimya hicho kililindwa kwa mjeledi. Elam Lynds, mkuu wa gereza, hakuona njia nyingine. Mwaka 1825 alichukua wafungwa 100 wa Auburn wakajenge gereza la Sing Sing kwa mikono yao.

Ukiiweka kando kwa kando, Philadelphia ilikuwa safi zaidi, na fimbo ilikuwa chache. Lakini iligharimu takriban dola 780,000, na kilichofanywa na mtu mmoja ndani ya seli kwa mtambo wa mkono wa kufumia hakikuweza kurudisha fedha hizo. Auburn seli zilikuwa ndogo na za bei nafuu, karakana zilikodishwa kwa wafanyabiashara, na gereza lililipa sehemu kubwa ya gharama zake. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani yaliifuata Auburn na nchi nyingi za Ulaya, zenye hazina nene zaidi, zikaifuata Philadelphia. Uamuzi ulifanywa na mhasibu, ingawa mjadala uliandikwa na wachungaji.

London ilijenga Pentonville mwaka 1842 kwa mfano wa Philadelphia, seli 520, muda wa upweke miezi 18. Watu walianza kuchanganyikiwa. Muda ukashushwa hadi miezi 12, kisha 9. Huko Philadelphia kwenyewe nafasi iliisha kabla ujenzi haujaisha: mabawa ya baadaye yalipandishwa ghorofa, na seli ya juu haiwezi kuwa na kiua. Baadaye watu wawili wakawekwa seli moja, na tangu siku hiyo mfumo wa upweke ulibaki jina tu. Ulifutwa rasmi mwaka 1913. Katika miaka yote hiyo wafungwa walikuwa wakizungumza kwa kugonga mabomba.

Auburn nayo ilikatwa mguu uliokuwa ukisimamia. Mafundi wa mjini walilalamika kwamba bidhaa za wafungwa zinawaua kibiashara, na mkutano wa katiba wa New York mwaka 1894 ukapiga marufuku kukodisha kazi ya wafungwa kwa watu binafsi. Karakana zikanyamaza kweli, safari hii kwa kukosa kazi. Anayependekeza viwanda vya magereza leo aanze na mnunuzi. Samani kwa shule za serikali, sare, mbegu, matofali ya nyumba za askari: hivi vinapita bila kelele. Ukianza kuuza viatu sokoni kwa bei ya chini kuliko fundi wa Kariakoo au Gikomba, hesabu miaka kabla malalamiko hayajafika bungeni.

Hukumu yetu: Philadelphia haifai kuigwa hata kwa sehemu. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinaita kifungo cha upweke hali ya kukaa saa 22 au zaidi kwa siku bila kukutana na watu kwa maana, na zinakataza kisizidi siku 15 mfululizo. Hata Pentonville iliyopunguziwa muda inashindwa kwa mbali. Kutoka Auburn chukua wazo la kazi ya pamoja mchana na faragha usiku, uache kimya. Hata hivyo magereza mengi ya Afrika Mashariki yalijengwa kwa mabweni ya kulala watu wengi pamoja, au yalirithi majengo ya shughuli nyingine kabisa. Fort Jesus ya Mombasa, ngome ya Wareno, ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kumpa kila mfungwa seli yake katika majengo ya namna hii ni kujenga upya, na bajeti yake ni ya kizazi kizima.

Alama: Norfolk na Ireland

Hapa ndipo penye mengi ya kuchukua, na ndipo majopo yanapopita haraka.

Alexander Maconochie alifika kisiwa cha Norfolk, mashariki ya Australia, mwaka 1840. Kilikuwa kituo cha wafungwa waliotenda makosa tena baada ya kuhamishwa kutoka Uingereza, mahali pa kuogopwa. Alibadili kipimo cha kifungo: badala ya miaka, alama. Mwenye miaka 7 alitakiwa kuchuma alama 6,000, wa miaka 10 alama 7,000, wa maisha alama 8,000. Kazi na mwenendo mzuri viliongeza, utovu wa nidhamu ulipunguza, na chakula kizuri zaidi kilinunuliwa kwa alama hizohizo. Baadaye wafungwa walijiunga makundi ya watu sita, mmoja akiharibu wote wanapoteza. Tarehe 25 Mei 1840, katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria, aliwafungulia milango siku nzima, wakala, wakacheza mchezo wa kuigiza, na jioni wote wakarudi ndani.

Kilichomwangusha si siku ile peke yake, ingawa magazeti ya Sydney yalipiga kelele. Mamlaka ya juu haikukubali kwamba alama za wafungwa wa zamani zipunguze kifungo chao. Aliwaahidi mlango ambao ufunguo wake haukuwa mkononi mwake. Aliondolewa mwaka 1844, nidhamu ya zamani ikarudi, na Julai 1846, baada ya wafungwa kunyang'anywa vyombo vyao vya kupikia, kukawa na uasi. Walinzi waliuawa na wafungwa 12 wakanyongwa. Sufuria tu.

Walter Crofton, aliyeongoza magereza ya Ireland kuanzia 1854, aliliona kosa hilo akalirekebisha. Mfumo wake ulikuwa na hatua. Kwanza miezi 9 ya upweke huko Mountjoy, Dublin, chakula hafifu mwanzoni. Kisha kazi za pamoja, hasa kisiwa cha Spike, ambako mfungwa aliweza kupata alama 9 kwa mwezi na si zaidi: 3 za nidhamu, 3 za masomo, 3 za bidii ya kazi. Daraja la tatu lilihitaji alama 18, la pili 54, la kwanza 108. Piga hesabu: miezi 2, kisha 6, kisha 12. Mfungwa aliijua njia yake kwa mwezi, hata asiyejua kusoma.

Halafu ikaja hatua ambayo hakuna aliyekuwa nayo: gereza la kati. Lusk, kaskazini ya Dublin, palikuwa vibanda viwili vya mabati, kila kimoja cha watu 50, na shamba. Ukuta haukuwepo. Walinzi walikuwa wachache na hawakuwa na silaha. Lengo lilikuwa mwajiri wa jirani amwone mtu akifanya kazi bila kulindwa, kwa sababu cheti cha mkuu wa gereza hakimshawishi mwajiri. Mwishowe cheti cha kutoka kwa masharti. Dublin kulikuwa na mtu maalumu, James Organ, mwalimu wa wafungwa, aliyezunguka kwa waajiri kutafuta kazi na kuwatembelea waliotoka. Vijijini kazi hiyo ilifanywa na polisi kwa daftari.

Udhaifu wake uko wazi: Organ alikuwa mmoja, na Lusk ilikuwa ndogo. Ukiiga Ireland bila kuajiri mtu wa kupokea nje, umeiga sehemu rahisi.

Kanuni za magereza za Kenya bado zina ngazi za kupanda kwa mwenendo, mjukuu wa moja kwa moja wa Spike. Na lile punguzo la theluthi moja ya kifungo linalotumika Kenya na Tanzania ni alama zilizopinduliwa: mfungwa huanza nazo zote, hunyang'anywa akikosa. Linasaidia nidhamu, lakini halimfundishi mtu kuchuma, na halina Lusk mwishoni. Theluthi ikiisha, geti linafunguliwa asubuhi na nauli ya basi. Kama unatafuta badiliko moja la bei nafuu kwenye gereza lenye shamba, ni hili: miezi sita ya mwisho ihamishiwe shamba lisilo na ukuta, karibu na wilaya ya mfungwa, na afisa wa kumtafutia kazi awe na jina na orodha ya watu wasiozidi 50.

Elmira, kwa kifupi

Zebulon Brockway alifungua Elmira, New York, mwaka 1876 kwa vijana wa miaka 16 hadi 30 wenye kosa la kwanza. Jaji hakutaja muda; gereza liliamua. Kijana aliingia daraja la pili, miezi 6 mizuri ikampandisha la kwanza, miezi 6 mingine ikamfikisha kwenye parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti. Kulikuwa na shule, ufundi, hata bendi. Lilijengwa kwa watu 500. Mwisho wa karne lilikuwa na 1,500. Anayeamua tarehe ya kutoka akawa ndiye anayepiga kwa mkanda, na uchunguzi wa 1893 na 1894 ukayaweka hadharani. Jela za vijana za Uingereza, zilizoanzia kijiji cha Borstal mwaka 1902, zina damu ya Elmira, na Kenya ilizirithi: Shikusa na Shimo la Tewa, kifungo cha miaka 3.

Kifungo kisicho na tarehe usikikubali isipokuwa anayeamua hana mkono wowote katika uendeshaji wa gereza. Bodi za Parole za Tanzania, chini ya sheria ya 1994, zipo nje ya mkuu wa gereza, na hapo ni bora. Shida yao ni nyingine: makosa yaliyotengwa ni mengi, na wanaobaki wenye sifa ni wachache.

Norwei

Usiangalie picha za jikoni na gitaa. Angalia foleni. Norwei kwa miaka mingi mtu aliyehukumiwa kosa dogo aliweza kusubiri nyumbani hadi nafasi ipatikane, na kati ya 2015 na 2018 nchi hiyo ilikodi gereza zima Uholanzi, Norgerhaven, badala ya kuwapakia watu wawili wawili. Pingu ya mguuni ya kielektroniki ilianza 2008 kwa vifungo vifupi. Hiyo ndiyo siri ya Halden, gereza lililofunguliwa 2010 kwa watu wapatao 250: halijazwi kupita kiasi.

Nguzo ya pili ni afisa. Anasoma miaka miwili chuoni kabla ya kukabidhiwa wafungwa, na kila mfungwa ana afisa wake wa kumfuatilia. Ya tatu inaigika kwetu bila gharama kubwa: walimu, madaktari na watu wa maktaba si watumishi wa magereza, wanatoka mamlaka ya nje, ileile itakayomhudumia mfungwa akitoka. Mganga wa kituo cha afya cha jirani kupangiwa siku mbili gerezani hakuhitaji jengo jipya.

Tahadhari moja kuhusu takwimu. Utaambiwa Norwei wanaorudia ni asilimia 20 na Marekani ni zaidi ya 67. Ya kwanza ni waliohukumiwa tena ndani ya miaka 2. Ya pili ni waliokamatwa tena na polisi ndani ya miaka 3, hata kama hawakuhukumiwa. Tena Norwei hufunga madereva walevi wengi kwa muda mfupi, watu ambao hata bila gereza wengi wasingerudia. Tofauti ipo, lakini si ya kiwango hicho. Ripoti yoyote ya kurudia kosa isiyosema kipimo na miaka, iweke pembeni.

Nje ya ukuta

Zimbabwe ilianza huduma kwa jamii mwanzoni mwa miaka ya 1990, Azimio la Kampala la 1996 kuhusu hali za magereza Afrika na la Kadoma la 1997 kuhusu huduma kwa jamii yakaieneza, na sheria zikafuata: Kenya 1998, Uganda 2000, Tanzania 2002. Kenya na Tanzania kikomo ni kifungo kisichozidi miaka 3. Mkosaji hufanya kazi bila malipo katika shule, zahanati au ofisi ya umma huku akilala kwake.

Mambo yanayoharibika ni yaleyale kila mahali. Ripoti ya afisa haifiki kabla ya hukumu, hakimu anaamua kufunga kwa sababu ndiyo njia asiyoulizwa. Kituo cha kazi kiko mbali, nauli inashinda, mtu anaacha kwenda na anarudishwa kama mkaidi. Hakuna jembe wala fagio, anakaa chini ya mwembe hadi saa zake ziishe. Na kosa la kimyakimya kuliko yote: kuwapa huduma kwa jamii watu ambao wangeonywa tu au kutozwa faini ndogo. Daftari linajaa, gereza halipungui mtu. Kwa hiyo anza na mahabusu wanaosubiri hukumu ya makosa madogo, chagua kituo anachoweza kukifikia kwa miguu, na saini ya kila siku iwe ya msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina.

Kuchagua

Gereza hufuata hesabu ya kisima: walio ndani ni wanaoingia kwa mwezi mara miezi wanayokaa. Wakiingia 100 na kukaa wastani wa miezi 6, utakuwa na 600. Ukipunguza ukaaji hadi miezi 4, ni 400, bila tofali hata moja. Msamaha wa Rais huteka maji bila kuziba chemchemi. Tarehe 9 Desemba 2019 Tanzania ilisamehe wafungwa 5,533, nafuu kubwa kwa familia zao, lakini gereza letu la mfano likitoa 200 kwa siku moja na mengine yakibaki vilevile, ndani ya miezi michache maji yamezidi unga tena.

Basi kabla ya kuita mshauri, gawa waliomo mafungu manne: mahabusu, vifungo vya chini ya miaka 3, vya miaka 3 na zaidi, na maisha pamoja na kunyongwa. Fungu la mahabusu likiwa kubwa kuliko mengine, acha mifumo yote mitano. Unachohitaji ni wasaidizi wa sheria kama wa Malawi, walioanza 2000, wanaowafundisha mahabusu kuomba dhamana na kuwapangia mahakimu siku za kwenda gerezani kupitia mafaili. Vifungo vifupi vikitawala, huduma kwa jamii. Virefu vikitawala, hatua za Crofton, na nguvu yote kwenye hatua ya mwisho. Norwei ifikirie wafungwa wakiwa chini ya nafasi kwa mwaka mzima.

Hesabu hiyo ifanywe usiku, milango ikishafungwa. Asubuhi karandinga la mahakamani limekwisha kuondoka, na fungu la mahabusu litaonekana dogo kuliko lilivyo.